Dinari ya Mzee Kaisari

Harufu ya robota la mitumba likikatwa kamba huwakera watu wengi. Wanaziba pua na kurudi nyuma. Mimi husimama hapo nikivuta pumzi mpaka muuzaji aniulize kama naumwa. Harufu ile ya dawa na nguo zilizofungiwa siku nyingi ndiyo iliyoniletea dinari yangu ya kwanza, na leo ninazo za kujaza kisanduku.

Ilikuwa miaka ile mitumba imeanza kuruhusiwa lakini sabuni bado inatafutwa kama dawa. Mama alirudi kutoka gulio la Bunda na koti zito la kiume, akitaka kulipunguza liwe langu. Kazi ya kufumua bitana akanipa mimi. Ndani ya pindo nikagusa kitu kigumu: sarafu nyeusi, ndogo kama kifungo. Nikaisugua kwa majivu hadi akatokea mtu mwenye shingo nene, majani kichwani na maandishi yaliyomzunguka. Sikuwa nimewahi kushika kitu kizuri namna ile. Nikaipenda papo hapo.

Baba, aliyekuwa katekista wa kigango chetu cha Buswahili, aliigeuzageuza juani akatabasamu.

"Hii dinari ya Warumi. Fedha tupu! Mali ya Kaisari hii, arudishiwe mwenyewe."

Alikuwa anatania kwa mambo ya Injili, kama kawaida yake. Mama alisikia neno fedha tu. Akasema Jumamosi ataipeleka Musoma kwa sonara. Sonara aiyeyushe apate bangili, yeye apate sabuni.

Sasa msomaji wangu, ungekuwa mtoto wa darasa la tatu ungefanyaje? Iyeyushwe, sikubali. Nikae nayo, ni mali ya mtu. Na mwenyewe nilimfahamu! Ni Mzee Kaisari, fundi baiskeli aliyekaa jirani na kanisa, shingo nene vilevile. Nikaona heri aichukue mwenye sura yake kuliko moto. Nikaifunga kwenye pindo la gauni nikaenda, nikilia njia nzima.

Nilimkuta ameinamia gurudumu, analijaza nyasi kwa sababu tyubu zilikuwa hazipatikani. Pembeni mkewe alikuwa anafua kwa majani ya mpapai, na povu lake la kijani nililiona zuri sana.

"Shikamoo babu. Nimekuletea dinari yako. Baba amesema urudishiwe."

"Marahaba."

Akaitazama sarafu, akanitazama mimi. Akapangusa mikono, akajipapasa shingo taratibu.

"Eee, ni mimi huyu. Nilikuwaga bado kijana. Sasa unalia nini, mjukuu wangu?"

Nikamweleza habari za sonara. Hakucheka hata kidogo, ingawa mkewe aliinamia karai mabega yakimtikisika. Mzee akaingia ndani, akatoka na nusu mche wa sabuni kwenye gazeti.

"Mpelekee mama yako. Mwambie Kaisari amekataa kuyeyushwa. Na hii dinari nimekupa wewe, uwe unaitunzaga vizuri."

Mama alipokea sabuni kwa vigelegele. Baba, nilipomsimulia, alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nililala nikiamini mambo yote yamekwisha vizuri, na kwamba Mzee Kaisari ana sabuni nyingi.

Miaka ikapita, nikaajiriwa, nikaanza kununua dinari nyingine, mojamoja, kila nilipoweza. Tulipomzika Mzee Kaisari, mjane wake alinishika mkono tukiwa tumekaa mkekani.

"Wewe na dinari yako," akasema. "Ile nusu mche ndiyo ilikuwa sabuni yote ya nyumba. Nimefuaga kwa majani ya mpapai mpaka Krismasi, mikono inawasha!"

Akacheka huku machozi yakimtoka, na mimi nikakumbuka lile povu la kijani. Nikaishika mikono ile yote miwili.

Kila dinari kisandukuni mwangu ina karatasi yenye jina la mfalme wake. Wajuzi wamekwisha kunitajia mfalme wa ile iliyotoka kwenye koti, na wamenisihi nirekebishe. Nawashukuru, ila karatasi yake sijaibadili. Imeandikwa: Kaisari, fundi baiskeli, Buswahili.