Ng'ombe wa Spika Mbili

Walter Amolo alikuwa na chumba kimoja mtaani Obunga, na ndani ya chumba hicho aliyekaa kwa raha ni kinanda, si yeye. Kitanda kilisukumwa hadi ukutani, jiko la makaa likawekwa mlangoni, na katikati kikatawala kinanda cha umeme alichokinunua bendi ya hoteli moja ilipovunjika. Vifundo vyake vingine vya kurekebisha sauti vilikuwa vimeng'oka, akazungusha vijiti vilivyobaki kwa koleo. Majirani waliamini anarukwa na akili polepole, maana wenzake wenye vinanda walipiga nyimbo watu wakacheza. Yeye angeweza kubonyeza noti moja ya chini kabisa tangu chai ya asubuhi hadi ugali wa mchana.

"Unatafuta nini hapo?" Wakhisi alimwuliza. Huyo Wakhisi alikuwa mtu wa Bungoma, rafiki yake, aliyekodisha spika na jenereta kwa harusi na matanga.

"Natafuta bass yenye inatembea."

"Inatembea inaenda wapi?"

"Inapita tu. Wewe unakaa, unaisikia ikipita."

Wakhisi alimtazama kwa huruma.

Jambo lenyewe Walter alilipata Dunga, mwanzoni mwa miaka ya tisini, alipokwenda ziwani kununua samaki, ngege. Mashua mbili za injini zilikuwa zikirudi ufuoni sambamba, injini zikinguruma kwa sauti iliyokaribia kuwa moja lakini si moja hasa. Kati yao ikatokea ngurumo ya tatu, ikajaa na kupungua, ikajaa na kupungua, kana kwamba ziwa zima linapumua. Nywele zilimsimama. Alizihesabu mashua tena, akakuta ni zile zile mbili, na hakuna mtu aliyekuwa akiipiga hiyo sauti ya tatu. Alirudi nyumbani bila samaki.

Kinanda chake nacho kilikuwa na sauti mbili ndani yake. Alizishusha chini kabisa, kisha moja akailegeza kidogo tu, ikakosana na mwenzake. Ile ngurumo ikaja. Akaongeza kifundo kinachoifungua sauti na kuifumba kama mdomo wa mtu anayetaka kusema neno. Sauti zote mbili akazipeleka pamoja kwenye spika mbili, moja ukuta wa kushoto, nyingine ukuta wa kulia. Mwisho, kwa utundu wake, akazigeuza nyaya za spika moja, ya juu ikawa ya chini, na hapo besi ikatoka ndani ya masanduku ikaenea chumba kizima, hujui inatokea wapi. Alikaa kitandani akaogopa kwa furaha. Kwa siku nyingi hakukutana na mtu asimweleze habari ya nyaya zile.

Ndipo baba yake, Mzee Obiero, akafa.

Huyu mzee aliishi karibu na Ahero, na katika uwanda ule wa Kano alijulikana kwa ng'ombe. Mtu mzima alipofariki, wanaume walitoa madume ya ng'ombe wakakimbia nao hadi porini kwa nyimbo na fimbo, wakikifukuza kifo kitoke bomani. Tero buru, ndivyo wanavyoiita. Mara nyingi waliotangulia walikuwa madume ya Obiero, na yeye mwenyewe mbele yao akipiga kelele kuliko wote. Lakini mafuriko yalikuwa yamepita. Ng'ombe wake walikufa maji, na wa majirani walikuwa wamepelekwa kwa jamaa huko milimani. Maji yalikuwa yamepungua, mifugo haijarudishwa. Katika uwanda ule wote hukusikia hata mlio wa ndama.

"Amesindikiza kila mtu na ng'ombe," alisema Mama Benta, mjane wake na mama yake Walter. Alikuwa hajalia tangu habari zifike. "Leo yeye mwenyewe anaenda kimya? Sasa watu watasema alikuwa nani?"

Walter aliondoka bila kuaga, na kesho yake akarudi na Wakhisi, spika, jenereta na kile kinanda juu ya pikapu.

Gordon, mdogo wa marehemu, aliwasimamisha langoni. "Walter, hii ni nini? Unataka kuzika ndugu yangu na disko?"

"Hapana, baba. Si ya kucheza. Nataka nilete ng'ombe."

"Ng'ombe iko ndani ya hiyo sanduku?"

Watu wakacheka, na kwenye matanga kicheko cha namna hiyo hukata maini. Mama Benta peke yake hakucheka. "Wacha mtoto aweke vitu yake," alisema.

Wakhisi akapanga spika kama alivyozipanga kwenye kila matanga, moja juu ya nyingine, zimeelekezwa barabarani ili hata wapita njia wajue kuna msiba. Jenereta likawaka. Walter akabonyeza noti yake.

Vifua vya spika vikaingia na kutoka kwa nguvu, vumbi likaruka juu yao, lakini sauti haikuwepo. Ilikuwa kama kumtazama mtu anapiga mayowe nyuma ya kioo. Walter akaongeza sauti, spika zikatetemeka zaidi, na bomani ukasikia kuku tu.

"Hata mashine imekataa," Gordon alisema, na safari hii hakukuwa na dhihaka ndani yake. Alikuwa amechoka tu. Mama Benta akateremsha macho.

Walter akainama nyuma ya spika. Kisha akaziona nyaya. Ule utundu aliojivunia Obunga! Kule spika zilikuwa ukuta kwa ukuta. Hapa zimebebana, moja ikisukuma hewa nyingine inaivuta, na zinamezana mdomo kwa mdomo. Akazirudisha nyaya zilivyotakiwa kuwa. Halafu akamwambia Wakhisi, "Zitenganishe. Moja iwe hapa langoni. Ingine peleka kule mwisho wa shamba, njia ya mtoni."

"Waya haifiki."

"Unga."

Waliunga kila kipande cha waya kilichopatikana, hata wa kuanikia nguo. Walter akaanza upya, kwenye spika ya langoni peke yake, chini sana.

Kabla ya masikio, ilisikika kwenye nyayo. Vikombe kwenye meza ya chai vikaanza kugongana. Ngurumo ikajaa na kupungua, ikajaa na kupungua, nzito, ya kwato nyingi zisizopiga pamoja, na kila alipokifungua kile kifundo ikatoa pumzi. Akaanza kupunguza upande wa lango na kuongeza upande wa shamba, taratibu. Kundi likaondoka. Walter alikijua kila kifundo alichokigusa, lakini kilichokuwa kinapita kifuani mwake hakikuwa ndani ya kinanda wala ndani ya spika. Kilikuwa pale uani, kikubwa, kinapita kati ya watu, na watu walikuwa wanakipisha.

Gordon ndiye aliyekuwa wa kwanza kunyanyua fimbo. Akapiga ukelele, akakimbia na ile ngurumo, wanaume wote nyuma yake, wakiimba, hadi mwisho wa shamba. Walipofika, Walter akaifumba sauti kidogo kidogo mpaka ikaisha porini. Wanaume wakasimama wakihema. Uwanda ukanyamaza.

Walter alipogeuka, mama yake alikuwa amesimama katikati ya lango, uso umelowa machozi.

"Mbona umenyamaza?"

"Imeisha, mama. Wamefika."

"Wuoda," alisema, mwanangu, "ng'ombe wa baba yako hawajawahi kulala nje. Warudishe nyumbani."

Walter akaifungua tena sauti kule mbali, akaanza kuivuta kuelekea bomani. Ardhi ilipoanza kutetemeka chini ya miguu yake, Mama Benta akakusanya nguo yake, akasogea kando ya lango, akawapisha.