Mpira wa Maji Chini ya Msingi

Ufa ulianzia chini ya dirisha la chumba cha wageni. Raheli akauficha kwa kalenda ya usharika. Ulipoipita kalenda, mumewe, Mzee Fanueli, akakubali kumwita Fundi Kristofa kutoka Lushoto mjini.

Kristofa alifinya tonge la udongo kiganjani. "Udongo wa mfinyanzi huu, baba. Ukilowa unavimba, ukikauka unasinyaa. Tutachimba chini ya msingi kipande kwa kipande mpaka udongo mgumu, tujaze mawe na zege. Tunaanza na pembe hii."

"Pembe hiyo iache," Fanueli alisema upesi. "Anza kule jikoni."

"Ufa uko huku, nichimbe kule? Ukiumwa jino, nikung'oe kucha?"

Abubakari, jirani yao, alicheka mpaka akalitua jiwe alilobeba. Alikuja tangu asubuhi bila kuitwa, kusaidia kusogeza mawe. Fanueli naye alicheka, kicheko kikavu.

Kwa miaka kumi na moja Fanueli alikuwa msimamizi wa mfereji wa kitongoji. Kaya kumi na tisa zilipokezana maji kwa zamu, naye ndiye aliyefungua na kufunga, kwa kuwa wote walimwamini. Zamu ya Abubakari ilikuwa Ijumaa. Na kila Ijumaa mchana, Abubakari akiwa msikitini, Fanueli alifungulia mpira alioufukia mwenyewe, uliotoka mferejini, ukapita chini ya pembe hii, ukaishia kwenye karoti zake. Saa moja tu. Alianza mwaka wa ukame, kuokoa miche. Ukame ulipita, mkono ukawa umeshazoea.

Sururu ya Kristofa ilinasa. Akainama, akavuta mpira mweusi, kiungo chake kikivuja. Udongo pale ulikuwa laini kama uji mzito.

"Kiangazi chote hiki, na pembe moja tu imelowa! Nyumba umeinywesha mwenyewe, baba. Huu mpira unatoka wapi?"

Abubakari aliifuata njia ya mpira kwa macho: kutoka shimoni kupanda hadi mferejini, kisha kushuka hadi kwenye karoti. Raheli alisimama mlangoni na sinia la chai.

"Nilidhani ni fuko," Abubakari alisema taratibu. "Kila Ijumaa nikirudi nakuta maji yamepungua, nasema fuko wametoboa mfereji. Fanueli, mtego wa fuko ulinipa wewe."

Ukame, miche, saa moja tu: Fanueli aliyaacha yote. Akavua kofia.

"Ni mimi, ndugu yangu. Miaka minne."

Abubakari alinawa udongo mikononi, kidole kimoja kimoja. "Leo Ijumaa," alisema. "Naenda kuswali. Maji yangu ataniangalizia nani?"

Akaondoka bila kungoja jibu.

Fanueli alichukua panga, akaukata mpira mbele ya mkewe na fundi, akapanda mferejini. Kristofa alipoanza kushindilia mawe, mzee alikuwa ameketi shambani kwa Abubakari, kofia magotini, akiyatazama maji yakiingia tuta baada ya tuta mpaka lile la mwisho. Kabichi za pale zilikuwa ndogo kama ngumi ya mtoto. Miaka yote hiyo hakuwahi kufika mpaka huku kuziona.