Maji ya Bati

Binti yangu wa mwisho ni mwalimu wa sekondari, na jioni huwa anaua watu. Anawaua kwenye mchezo wa kompyuta, chumbani kwake, hapa nyumbani Mtawanya, akiwa na vidude vya masikioni na kanga kiunoni. Mwaka jana yeye na wenzake wanne, mmoja yuko mpaka Mwanza, waliingia kwenye mashindano. Kompyuta yake alikuwa ameilazimisha ikimbie kupita kasi iliyopangiwa kiwandani, ikawa inachemka na kujizima katikati ya vita. Akaamua kuipoza kwa maji.

Hapo nikajipachika. Nimekuwa fundi wa malori ya korosho maisha yangu yote. Kama kuna kitu ninachokijua kuliko sala, ni rejeta.

Nilikuwa na sababu nyingine. Alipomaliza kidato cha nne alitaka kwenda chuo cha ufundi akasomee umeme. Nikakataa. Nikamwambia mbele ya wageni kwamba waya haziolewi. Wageni wakacheka, nikajiona mtu wa maana. Hajawahi kunikumbusha, na ndiyo maana sijasahau.

Wiki mbili tulibishana mezani, tukitazama picha za vifaa kwenye simu yake. Kibao kinachokalia prosesa, ule ubongo wa kompyuta, kilikuwa cha shaba. Mimi nikaipenda rejeta moja ya alumini, nyepesi, inang'aa.

"Hapana, Baba. Shaba na alumini kwenye maji mamoja vinatafunana."

"Umesoma wapi?"

"Kwako. Si ulikuwa unawatukania hilo madereva kila siku?"

Kweli. Tukachukua rejeta ya shaba, ndefu, ya feni tatu. Yeye alitaka mabomba magumu yanayoonyesha kama kioo. Nikamwambia ukisogeza meza, mpira unafuata, bomba gumu linakugombeza. Akakubali mpira. Pampu aliichagua mama yake bila kuiona: aliapa ikinguruma kama mashine ya kusaga, atahamia kwa dada yake.

Vifaa vilikuja na basi kutoka Dar. Zamani yeye ndiye aliyekuwa akinishikia tochi chini ya lori. Safari hii alifunga yeye, mimi nikashika tochi, naye akanigombeza kwamba namulika pembeni.

Asubuhi, akienda shule, akaniambia, "Yamebaki maji tu. Nunua maji ya betri, yale yasiyo na asidi. Usiweke ya bomba wala ya kisima."

Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha usiku ule. Tangi la chini ya bati limejaa, maji meupe, na kituo cha mafuta kiko mbali. Huku kwetu kila mtu anajua mvua ya kwanza ni ya kuoshea bati. Kiangazi kizima mikorosho inapulizwa salfa, dawa ya unga, na unga ule unatua hata juu ya paa la asiye na mkorosho. Sisi mikorosho ya jirani imetuzunguka pande tatu.

"Hayo hata kuku siwanyweshi," mke wangu akasema.

"Kompyuta hainywi. Inazungusha tu."

Nikayachuja kwa kitambaa, nikayajaza. Jioni binti akauliza kama nimeweka maji ya betri. Nikasema nimeweka.

Ilifanya kazi kama wiki mbili. Kisha mipira ikageuka rangi ya chai ya rangi, na joto likaanza kupanda. Asubuhi ya Jumamosi ya mashindano nilimsikia akiwaambia wenzake watafute mtu mwingine. "Nimeikimbiza mno," akasema. "Nimeiua mwenyewe."

Ningenyamaza, ningepona. Nilishika fremu ya mlango.

"Si wewe. Niliweka maji ya bati. Ya mvua ya kwanza."

Akavua vile vidude masikioni. "Yenye salfa?"

"Niliyachuja."

"Kwa nini?"

"Kwa kitambaa cha tui cha mama yako."

Uani kukasikika sufuria ikitua. "Ndiyo maana wali unanuka, mzee wewe!"

"Na lile la waya," nikaendelea, kwa kuwa mdomo ulikuwa umeshafunguka, "nalo lilikuwa la kipumbavu."

Akatazama saa kwenye simu. Sikuona kama amenisamehe. Niliona anahesabu saa. Akawapigia wenzake wamsubiri, akachukua bisibisi. "Panda bodaboda, lete maji. Ukirudi na ya chupa ya kunywa, nakuhamisha nyumba hii."

Niliporudi kile kibao kilikuwa wazi, cheusi kama tako la sufuria, vijinjia vyake vimeziba unga. Tulikisugua kwa ndimu, chumvi na mswaki wangu. Saa kumi jasho likimtoka, akawasha.

Walitolewa mzunguko wa pili. Yeye ndiye aliyekufa kwanza, kwa kumfuata adui ndani ya jengo peke yake huku wenzake wakimpigia kelele arudi. Nikakimbilia kutazama namba ya joto. Ilikuwa chini kabisa.

"Hilo ni kosa langu, Baba," akasema bila kugeuka. "Usilichukue."