Kioo cha Kisogoni

Mume wangu ni kinyozi, na rafiki yake mkubwa anaitwa Jirani. Tuliishi naye ukuta kwa ukuta kwenye nyumba ya kupanga, mpaka ikafika mahali hatujui sufuria ipi ya kwao na ipi ya kwetu. Kisha idara ya maji, alikokuwa akisoma mita, ikampandisha cheo na kumhamishia mji mwingine, mbali, safari ya basi ya kutwa nzima. Mtu akahama, jina likagoma. Hadi leo mume wangu akisema, "Ngoja nimpigie Jirani," jirani wetu wa sasa huitika kutoka dirishani.

Siku ya kuondoka Jirani aliapa, mizigo ikiwa juu ya gari, kwamba kichwa chake hakitaguswa na mtu mwingine. Angekuja kila mwisho wa mwezi kunyolewa. Akaja mara ya kwanza, akaja na ya pili. Baada ya hapo zikaanza kuja sababu: bomba kubwa limepasuka, mkubwa wa kazi ana ziara, goti linasumbua. Simu nazo zikawa za "hamjambo, hatujambo, haya basi." Mume wangu hakulalamika. Alianza tu kunyoa watu kimya kimya, na wateja wakaanza kuniuliza kama anaumwa.

Mimi nilijua kinachomla. Aliogopa kwamba amepatiwa mbadala.

"Twende tukawasalimie," nikamwambia. "Wikiendi moja tu. Kama kuna mtu anamnyoa, utaona mwenyewe."

"Mimi naenda kusalimia," akasema. "Mambo ya nywele sina habari nayo."

Nilipoinua begi lake asubuhi ya safari, mkono nusura uchomoke. Ndani kulikuwa na shati moja na kibanda kizima: mashine, vitana, shuka la kunyolea, spiriti, na kile kioo chake cha mkononi. Nguo zake zilizobaki zilikuwa kwenye begi langu, zimelazwa juu ya gauni nililolipiga pasi.

Mkewe Jirani, ambaye sote tunamwita Mama Pacha, alitupokea mlangoni kwa vifijo. Alinikumbatia, akaniambia nimenenepa, nikamwambia na yeye pia, tukaridhika. Nyuma yake alisimama Jirani, anatabasamu, amevaa kofia. Ilikuwa kofia ya bluu yenye maandishi ya semina ya kuzuia uvujaji, na alikuwa ameivuta mpaka kwenye masikio.

"Shemeji, karibu! Fundi, karibu sana!"

Tukakaa sebuleni. Makochi yalikuwa bado na nailoni zake za dukani, kwa hiyo kila mtu aliyejisogeza alisikika. Mlango ulizuiwa usijifunge kwa mita ya maji iliyokufa. Feni ilizunguka kwa nguvu zake zote na bado Mama Pacha alikuwa akijipepea kwa upande wa kanga.

"Huku kuna baridi?" mume wangu akauliza, macho kwenye kofia.

"Kidogo," Jirani akasema, akifuta jasho.

Akala na kofia. Akanawa uso na kofia. Usiku tuliagana naye akielekea chumbani kulala, kofia iko palepale. Mume wangu alilala chali akiangalia dari, nami nikajifanya nimesinzia.

Jumamosi Jirani alitutembeza mtaani, akituonyesha mabomba. Mgeni mwingine huonyeshwa maghorofa. Sisi tulionyeshwa vali. Tulikuwa tunakata kona ya barabara ya lami tulipopita mbele ya saluni yenye picha za vichwa ukutani, na kijana mwenye aproni akatoka hadi mlangoni.

"Mzee wa maji! Leo hupiti?"

Jirani alipunga mkono kama mtu anayefukuza nzi, akaongeza mwendo. Lile goti linalosumbua lilipona hapo hapo. Mume wangu alisimama akaiangalia ile saluni, vile viti vyake vya kuzunguka, taa zake, halafu akatufuata. Niliumia mimi, sembuse yeye.

Jumapili asubuhi walikuwa wamekaa uani, kando ya tangi la maji, chai imeshapoa. Mimi na Mama Pacha tulikuwa jikoni, dirisha wazi, tunaosha vikombe visafi ili tupate kusikia.

"Jirani, vua kofia," mume wangu akasema.

"Ya nini?"

"Niione kazi ya mwenzangu. Kisha nikapande basi langu."

Kisha Jirani akaivua, akaiweka gotini. Pembeni kulikuwa na nywele. Katikati, kuanzia juu ya kipaji mpaka utosini, palikuwa peupe, panang'aa.

"Mkubwa wa kazi alikuja ghafla," Jirani akasema. "Nikaona nipunguze tu pale kona, nisionekane kichaka. Yule kijana akamaliza, akanishikia kioo nyuma. Akasema, 'Mzee, huku juu pameisha, tuondoe zote?' Nikamuuliza, pameisha lini? Akasema hii si ya jana wala juzi. Nikamwacha aziondoe zile za mbele." Akamgeukia mume wangu. "Fundi, wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Pacha wako walikuwa chekechea."

Pacha wake sasa wana ndevu.

"Na kioo? Kila siku ulikuwa unanionyesha kwenye kioo!"

"Nilikuwa nakishusha," mume wangu akasema. "Unaona kisogo tu. Na za mbele nilikuwa naziacha ndefu, nazilaza kwenda nyuma."

Jirani akasimama, akakaa tena. "Nimesoma hotuba nimeinama, watu wote mbele yangu! Nimemcheka mwenye nyumba wetu kwa kipara chake, nimekaa kwenye kiti chako, na wewe unacheka!"

"Nilikuwa nacheka na wewe."

"Ndicho kinachoniuma! Mtaa mzima unajua kichwa changu isipokuwa mimi. Ningekujaje tena? Nikae pale, univute nywele mbili tatu, unihurumie?" Akageukia dirishani. "Mama Pacha, na wewe ulijua?"

"Mimi nilidhani unajua," Mama Pacha akasema, akikausha kikombe kilichokauka.

Mimi nikachukua kikombe kingine. Nilijua pia, tena kabla ya Mama Pacha.

Mume wangu aliinamisha kichwa. "Ulikuwa ukiinuka kwenye kile kiti umefurahi, Jirani. Kila mara. Unajishika kisogo, unaniambia safi. Mimi ndiyo maana nafungua duka. Ningekuambia nini?"

Nikaogopa kwelikweli. Niliona urafiki wa maisha yetu unakwisha pale uani, karibu na ndoo, kwa ajili ya nywele ambazo hata hazipo.

Jirani alikaa akiizungushazungusha kofia. Kisha akakigeuza kiti chake cha plastiki, akampa mume wangu mgongo.

"Yule wa kona hajui kisogo," akasema. "Ameniacha na ngazi za nywele."

Begi lilifika kabla sijamaliza kufuta mikono. Mama Pacha akashusha kioo cha chumbani, nikapewa mimi nikishike mbele ya Jirani. Mume wangu akamfunga shuka, akawasha mashine, na baada ya muda mfupi nikamsikia anaanza soga: nani kafunga duka, nani kaoa tena. Sikuwa nimeisikia sauti hiyo kwa muda mrefu. Machozi yalinilengalenga, nikasingizia spiriti.

Alipomaliza alipangusa shingo, akachukua kile kioo cha mkononi, akakiinua juu kabisa, wima. Utosi wote ukaingia, pamoja na mbingu kidogo.

Jirani akatazama. Akatazama tena.

"Shusha kidogo," akasema.

Mume wangu akashusha.

"Kidogo tena. Hapo." Jirani akajishika kisogo. "Safi, Fundi. Na yule mwenye nyumba wetu, bado ana kile kipara?"

"Kimezidi," mume wangu akasema.