Bluu ya Jani la Parachichi

Nafundisha kemia Makambako. Juzi nilimwalika darasani mwalimu wangu mstaafu, aliyenifundisha Njombe enzi zile tukipuliza vidole kwa baridi, aone nikitenganisha rangi za jani la parachichi. Kwa kumuenzi, nikachora mstari wa kuanzia kwenye kibao kilichopakwa unga mweupe kwa kalamu ya wino aliyonizawadia nilipofaulu. Juu ya mstari nikadondosha maji ya jani, nikakisimamisha kibao kwenye spiriti. Spiriti ikapanda, rangi zinazong'ang'ania unga zikabaki nyuma, nyingine zikatangulia: kijani, njano, na bluu!

"Jani limeficha bluu!" nikatamba. Wanafunzi wakapiga makofi.

Mwalimu akasogea, akatabasamu vilevile kama zamani.

"Mwanangu, kalamu nilikupa uandikie barua. Mstari nilikufundisha uchore kwa penseli. Wa kwako uko wapi?"

Nikainama kuutafuta. Ulikuwa umepanda na spiriti huko juu, bluu tupu.