Antena Iliyotazama Ng'ambo

Harufu ya maji ya betri ndiyo iliyokuwa ikitangulia kuingia nyumbani, kabla baba mwenyewe hajaegesha baiskeli. Ilikuwa harufu kali ya kukwaruza koo, nayo ilishinda ya moshi wa jikoni, ya buni iliyoanikwa uani, hata ya senene, wale panzi wa kuliwa, waliokuwa wakikaangwa. Baba alikuwa akitoka Kayanga kuchaji betri ya gari, ingawa gari hatukuwa nalo na wala hatukutarajia kuwa nalo. Aliifunga nyuma ya baiskeli kwa mpira, akaisukuma milima yote hadi kwetu Kituntu, katika kibanja cha migomba na mibuni alichoachiwa na babu. Hiyo ilikuwa miaka ya tisini ikielekea ukingoni, nami nilikuwa na umri wa miaka kumi. Mpaka leo nikipita karibu na gereji na harufu ile ikanipata, jambo la kwanza ninalofanya ni kuangalia mawingu. Watu hunicheka. Wana haki ya kucheka, maana hawakuwapo.

Betri ilikuwa ya televisheni. Baba aliinunua kwa mwalimu mmoja aliyehamishwa kikazi, kijisanduku cha picha nyeusi na nyeupe chenye mgongo mkubwa kuliko uso. Tulipoiweka juu ya meza ya sebuleni ndipo tulipogundua kwamba kuwa na televisheni ni jambo moja, na kuona picha ni jambo jingine. Baba alianza kuulizia njia iliyo nafuu kwa familia kama yetu, na kila aliyeulizwa alikuwa bingwa. Pale senta kulikuwa na mfanyabiashara mwenye dishi kubwa kama ungo wa kupepetea mahindi ya kijiji kizima, naye alikuwa tayari kutuvutia waya hadi nyumbani kwa malipo ya kila mwezi. Lakini stesheni alichagua yeye, na akienda kulala alizima, hata kama mpira ulikuwa haujaisha. Baba alimsikiliza hadi mwisho, akamshukuru, akarudi nyumbani akinung'unika kwamba kitu cha kulipiwa kila mwezi ni mtoto mwingine wa kusomesha, tena asiyemaliza shule. Ikabaki antena, ambayo ukishaisimamisha huna deni na mtu. Baba alipenda sana neno hilo, kutokuwa na deni na mtu.

Sasa antena lazima ielekezwe mahali, na hapo ndipo mama alipoingia. Mama alizaliwa Rwanda, ng'ambo ya Mto Kagera, akaja kuolewa kwetu angali msichana. Alikuwa na mdogo wake mmoja tu, Konsolata, mama yangu mdogo, ambaye mimi nilimjua kwa kusimuliwa. Mwaka ule wa mauaji, watu walipovuka mto kwa maelfu wakajaa kwenye makambi ya wilayani kwetu, mama alizunguka makambi hayo kwa miguu, hema baada ya hema, akitaja jina hilo. Hakuna aliyemjua. Walipokuja kuondoka kurudi kwao, alisimama kando ya barabara akiwaangalia usoni wanawake wote waliopita na mizigo kichwani, siku tatu mfululizo, mpaka barabara ikabaki tupu. Hakulia. Alirudi shambani akashika jembe, na alichokuwa akisema ni kimoja tu, kwamba milima haikutani lakini binadamu hukutana. Mimi nilikuwa nikimwogopa anaposema hivyo, kwa sababu alikuwa akikiambia kilima, si mimi.

Fundi Zakaria, aliyetengeneza antena kwa mabomba ya alumini na kuzisambaza kwa baiskeli toka Ihanda hadi Kiruruma, alifika asubuhi moja ya Oktoba. Alilaza mabomba yake uani, akauliza kama kawaida yake.

"Haya mzee, tunaielekeza wapi? Upande wa ziwa unapata stesheni za kwetu, na mpira upo. Upande wa ng'ambo unapata za Wanyarwanda. Kote kuwili haiwezekani."

Baba alikwisha kufungua kinywa kusema ziwa. Mama alikuwa akichambua buni, wala hakuinua kichwa.

"Baba Jeni," alisema, akimwita kwa jina langu, "wanaonyesha watu kule. Wanaonyesha wanaorudi, na waliopotezana."

Baba alikuwa mtu wa mpira, na nilijua anachokiacha. "Ng'ambo," akamwambia fundi.

Bibi mzaa baba, aliyekaa kizingitini akimenya ndizi, ndiye pekee aliyepinga, na hakupinga upande bali urefu. Ili kukipita kilima kilichotukinga na ng'ambo, fundi aliunganisha milunda miwili ya mkaratusi na juu yake akaweka bomba la chuma, mpaka mlingoti ukapita migomba yote na miti yote ya jirani. "Waitu, jamani, mnakiinua chuma hivyo mwezi wa mvua?" bibi aliuliza. "Huko juu kuna mwenyewe." Baba alicheka. Fundi naye alicheka, akiwa juu ya ngazi. Wiki haikuisha, balozi wetu wa nyumba kumi akapita kutusalimia, akakataa kiti, akasimama akiutazama mlingoti. Aliuliza kwa upole tunasikiliza nini huko ng'ambo. Baba akamwambia tunatazama tu. "Watu wanauliza," balozi alisema, "na mimi nikiulizwa lazima nijibu." Alipoondoka, mama alifunga mlango ingawa ilikuwa mchana. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, na sisi tulikuwa nayo ya aina mbili.

Picha yenyewe ilikuwa chenga tupu. Ndani ya chenga hizo watu walikuja na kupotea, mtu akiongea kichwa kimekatika, kwaya ikiimba kama iko chini ya maji. Kila jioni kabla ya giza mama aliketi kwenye kigoda, karibu sana na kioo, mikono ikiwa mapajani. Habari zenyewe hazikumhusu. Aliwatazama waliosimama nyuma ya wanaohojiwa, waliopanga foleni, waliopita njia bila kujua wanapigwa picha. Mara kadhaa alinyanyuka ghafla akasogea, kisha akakaa tena. Baba aliupandisha mlingoti mara mbili zaidi kwa ajili yake, na kila ulipopanda chenga zilipungua kidogo, nasi tukashangilia kama wajinga. Mimi nilikuwa nashangilia huku nikitega sikio. Nilikuwa nimeanza kuusikia ule mlingoti ukivuma kwenye upepo, mlio wa chini chini kama wa mtu anayeguna.

Novemba ikaingia na radi zake. Wanaoijua Karagwe wanajua ninachosema, radi za kwetu hazipigi mbali. Nyumbani kulikuwa na taratibu zake, alizozishika bibi kwa ukali kuliko zile za kanisani. Ngurumo ikisikika tu, jembe na panga hutolewa nje. Nguo nyekundu huvuliwa. Hakuna kusimama mlangoni, na kioo cha kujitazamia hugeuzwa ukutani au kufunikwa, kwa sababu kioo huita radi. Televisheni ilipokuja bibi aliitazama mara moja akatoa hukumu, nayo ni kioo. Basi mama alifuma kitambaa cheupe chenye maua pembeni, na kazi ya kuifunika mawingu yakikusanyika nikapewa mimi. Nilikuwa hodari kwelikweli. Tone la kwanza halikuwahi kunikuta sijafunika. Na waya wa antena, ulioshuka kutoka kwenye kile chuma kilichoipita miti yote, ukapenya dirishani na kuingia nyuma ya televisheni, hakuna aliyewahi kuuchomoa. Tulifunika uso wa kitu na mkia wake tukauacha mawinguni. Nikikumbuka hilo leo nakasirika, lakini sijui nimkasirikie nani.

Ilikuwa Jumapili, saa kumi na moja jioni. Baba alikuwa ametoka na majirani kwenda kutazama mahali pazuri pa kutegea senene. Mbingu ilikuwa imeshuka mpaka migomba imegeuka rangi ya kaniki, na hakuna ndege aliyelia. Kwenye kioo walikuwa wakionyesha wanawake waliokuwa wakijenga nyumba, wakipasiana matofali mkono kwa mkono, na siku hiyo chenga zilikuwa chache kuliko siku zote. Ngurumo ya kwanza ikapita juu ya kilima. "Jeni, funika kioo!" bibi alipiga kelele kutoka chumbani kwake. Nilichukua kitambaa nikasimama mbele ya televisheni. Wakati huohuo mama alinyanyuka nyuma yangu na kusema jina moja, kwa sauti ambayo sijapata kuisikia tena.

"Konsolata."

Nami nilikuwa nimekwisha kukiachia kitambaa juu ya kioo.

Mama alinisukuma. Hakuwa amenisukuma kabla ya siku ile, wala hakunisukuma tena baada yake, na msukumo huo ndio ulioniokoa. Nilianguka karibu na kigoda. Aling'oa kitambaa kwa mkono wa kushoto na kwa mkono wa kulia akashika waya kule nyuma, akiuzungusha kama tulivyozoea kufanya ili picha isimame. Nilichokiona baadaye hakikuwa mwanga bali weupe, chumba kizima kilikuwa cheupe, na sauti yake niliisikia kwa mifupa. Palinuka nywele zilizoungua na maji ya betri. Nilipoweza kuona tena, mlingoti ulikuwa umepasuka kuanzia juu hadi chini, kioo kilikuwa cheusi, na mama alikuwa amelala chali katikati ya sebule akiwa na kitambaa kifuani. Bibi alikuwa amepiga magoti kando yake akimwita kwa Kinyambo, lugha yetu, akimwambia arudi, kama anavyoitwa mtu aliyetangulia njiani.

Alirudi. Majirani walimbeba kwa machela hadi zahanati, na yule balozi alishika mbele, mvua yote ikimwishia yeye. Mkono wa kulia uliungua mpaka ndani, na vidole havikufunguka tena. Siku ya tatu alifumbua macho nikiwa peke yangu pembeni ya kitanda. Baba alikuwa nje, amekaa kwenye ngazi ya zahanati tangu alfajiri, akiwaambia wote wanaopita kwamba ni yeye aliyeupandisha ule mlingoti. Mama alinitazama, kisha akauliza taratibu.

"Jeni, wewe ulikuwa karibu na kioo kuliko mimi. Alikuwa yeye?"

Nilichokuwa nimeona ni kichwa kilichofungwa kitambaa, tofali, na chenga. Uso sikuuona. Hata kama ningeuona, ningemjuaje mtu ambaye sijawahi kukutana naye? Lakini mkono wa mama ulikuwa umefungwa kama mtoto mchanga, na mimi ndiye niliyefunika kioo.

"Ndiyo, mama," nilisema. "Alifanana na wewe."

Alitabasamu. Tangu siku za makambi sikuwa nimeliona tabasamu hilo, na Mungu anisamehe, nilifurahi.

Mwezi uliopita nilimnunulia mama televisheni mpya, bapa, ya kutundika ukutani. Umeme ulikwisha kufika Kituntu. Nilikaa na kijana wa dukani nikilinganisha ving'amuzi na vifurushi, kipi nafuu, kipi kina habari, kipi kina ibada, na nilimchosha kwa maswali kama baba, Mungu amrehemu, alivyowachosha watu wa enzi zake. Nikampigia mama simu kumuuliza anapenda nini. Akaniuliza swali moja tu, "Hicho kinashika ng'ambo?" Nikachukua kinachoshika. Dishi lake ni dogo kama sinia, limekaa chini ya paa kwa adabu, na fundi ameufukia waya wake ardhini kwa ajili ya radi. Picha haina hata chembe ya chenga. Unaona kovu la mtu, unaona jasho, unaona mpaka anayekuongopea. Mama anakaa karibu sana na kioo, ameuweka mkono wa kulia mapajani, anawatazama wanaopita nyuma. Mawingu yakikusanyika mimi huchomoa waya kwanza, ndipo yeye hukifunika kwa kitambaa chake cha zamani chenye alama ya kuungua pembeni.

Waliosema njia ya mwongo ni fupi hawakuifahamu yangu. Imepita shule, imepita ndoa yangu, imepita mazishi ya bibi na ya baba, na bado inakwenda. Kila Novemba parokiani kwetu familia hupeleka orodha ya marehemu wake ili watajwe kwenye misa, na kwa kuwa mama hawezi kushika kalamu, ni mimi ninayeandika. Jumapili iliyopita nilikaa naye sebuleni nikaandika anaponitajia, babu, bibi, baba, wazazi wake waliobaki ng'ambo bila kaburi. Nilisubiri jina moja zaidi, kalamu ikiwa juu ya karatasi.

"Basi, hao wanatosha," mama alisema. "Konsolata yupo. Wewe si ulimwona?"

Nikakunja karatasi, nikaitia kwenye bahasha.