Gari Nililolitengeneza Mwenyewe Likanipeleka Ukweni

Sina pa kuificha aibu hii, kwa hiyo bora niisimulie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa watu wa Makambako, ambao huwa wanaiongezea chumvi (ingawa, kusema kweli, haihitaji hata punje moja). Mpaka leo nikipita stendi ya pale kuna mama mmoja muuza ndizi ananipungia mkono na kuniuliza, "Dereva, pombe imeshakutoka?" nami nacheka cheko la mtu aliyekanyaga msumari na kuongeza mwendo.

Yote yalianzia kwenye mpira wa rejeta. Mimi nakaa Yakobi, huku Njombe, nauza miche ya parachichi, na nina gari dogo jeupe la zamani ambalo mimi nalipenda na majirani wanalisukuma. Wiki ile mpira wa rejeta ulipasuka, maji yakamwagika yote, na fundi wangu akaniambia niliache gari gereji mpaka wiki inayofuata kwa sababu ana kazi nyingi. Sasa Jumamosi ya wiki hiyohiyo ndiyo tulikuwa tunakwenda Makambako kupeleka posa yangu kwa Upendo, na mtu mwenye akili zake angekodi gari yakaisha, lakini mimi nikafungua simu, nikatazama video ya jamaa mmoja anabadilisha mpira wa rejeta huku anapiga mluzi, nikajisemea kama huyu anapiga mluzi, mimi nitashindwaje? Nikampigia Upendo kujitamba.

"Gari nalitengeneza mwenyewe."

"Festo, una uhakika?"

"Upendo, unaongea na fundi."

Basi na yeye, kwa mapenzi tu, akaenda kumwambia baba yake kwamba mchumba wake ni fundi wa mikono yake mwenyewe na tena hanywi pombe. Hilo la pombe ndilo lilikuwa kubwa. Baba Upendo ni mzee wa kanisa, Mlutheri aliyenyooka, na alishamkataa mchumba mmoja kwa kosa la kuonekana amesimama nje ya kilabu cha pombe (maskini ya Mungu alikuwa anajikinga mvua). "Baba akisikia hata harufu," Upendo aliniambia, "mimi na wewe basi tena." Nikacheka. Mimi na pombe wapi na wapi?

Nililala chini ya gari lile siku nzima, mvua ya masika inanyunyiza, matope yananiingia mgongoni, na ukungu ule wa kwetu umeshuka mpaka sioni bisibisi niliyoishika. Klipu ya kubania mpira ilidondoka kwenye majani na haijapatikana hadi leo, nikakata kipande cha tairi la ndani la baiskeli nikaufunga mpira kwa nguvu zangu zote, kama mtu anayefunga gunia la viazi. Nilipomaliza nikakuta nati moja imebaki mkononi. Nikaitazama, ikanitazama, nikaitia mfukoni. Gari likawaka, nikapiga mluzi, na jioni mafua yakanikamata vibaya, pua zote mbili zikaziba, hata chai ya tangawizi sikuisikia harufu. Shikeni hapo kwenye pua, tutaparudia.

Jumamosi asubuhi wajumbe wangu wakafika. Mshenga alikuwa Baba mdogo Obedi, mdogo wake marehemu baba, mtu wa maneno matamu na mpenzi mkubwa wa ulanzi, ile pombe ya mianzi (na huo ulikuwa msimu wenyewe, mianzi inatiririka, Baba mdogo anaongea kwa furaha kuanzia saa nne asubuhi). Mkubwa wa msafara alikuwa Shangazi Tumaini, dada yao, mwimba kwaya, ambaye akikutazama tu unakumbuka dhambi zako. Kwa desturi yetu mwenye kuposa haonekani siku ile, wazee wanakwenda kumsemea, lakini kwa kuwa wote wawili hawajui kuendesha gari, Shangazi alitoa amri.

"Wewe leo ni dereva. Huna jina. Ukifika unakaa garini, husemi, hushuki, na usimkodolee macho mtoto wa watu."

"Ndiyo, Shangazi."

"Na wewe Obedi, leo hata tone. Umenisikia? Hata tone."

"Dada, kwani mimi mtoto?" akasema Baba mdogo, akainuka kwenda kunisaidia kupakia mizigo kwenye buti, na dumu langu la maji ya gari akalibeba yeye mwenyewe. Nilishangaa kidogo, maana Baba mdogo si mtu wa kubeba kitu, nikajua ni furaha ya harusi.

Tukaondoka. Tulipokaribia Mtwango mshale wa joto ukaanza kupanda, kisha moshi mweupe ukafuka kwenye boneti, maana kile kipande changu cha baiskeli kilikuwa kinavujisha maji njia nzima. Nikasimama pembeni. Baba mdogo akaenda vichakani kuchimba dawa, Shangazi akabaki kiti cha nyuma anapitia maneno ya kusema ukweni, mimi nikangoja rejeta ipoe, nikachukua dumu. Nilipolifungua likafanya "fyuuu." Sikujali. Nikamimina, nikaona povu, nikajisemea aa, sikulisuuza sabuni vizuri, nikaendelea kumimina mpaka rejeta ikashiba, na ingetosha pua yangu kufanya kazi kwa sekunde moja tu, jamani, moja, mambo yote haya yasingetokea. Baba mdogo aliporudi nilishafunga boneti na dumu limerudi kwenye buti.

Mbele kidogo, kwa kuwa kulikuwa na baridi, nikawasha hita. Shangazi akanusa. Akanusa tena.

"Obedi."

"Naam, dada."

"Umekunywa."

"Sijanywa, dada, naapa."

"Gari zima linanuka ulanzi, Obedi! Kwa mzee wa kanisa!"

Mimi nikasema sisikii harufu yoyote, Shangazi akasema bila shaka nimetumwa kumtetea. Baba mdogo akanyamaza kimya, na kimya chake mimi nilikielewa baadaye sana: yeye ndiye aliyemwaga maji yangu asubuhi ile akajaza ulanzi kwenye lile dumu, ili apate la kurudi nalo njiani bila dada yake kujua, na sasa alidhani dumu linavuja kwenye buti, na angeanzaje kusema? Akafungua dirisha. Shangazi akamwambia afunge, nywele zake. Tukaendelea hivyo, mmoja anaomba, mmoja anatubu kimoyomoyo, na mimi katikati napiga mluzi kupitia mdomo kwa sababu pua haikuwepo.

Mliofika Makambako mnaujua upepo wa pale. Tuliingia uani kwa Baba Upendo, akina mama wamejipanga mlangoni na vitenge vyao wanaimba kutupokea, Baba Upendo amesimama katikati na suti ya kijivu, Upendo nikamwona dirishani (nikageuza macho, nilikuwa na amri), nikazima injini kwa madaha kabisa. Na hapo ndipo mpira wangu ulipochomoka. Paa! Boneti ikaruka (nadhani ile nati ilikuwa ya boneti), na ulanzi wa moto ukapanda juu kama chemchemi, mweupe, unatoa povu, na upepo wa Makambako ukaudaka na kuutandaza juu ya akina mama, juu ya mlango, juu ya suti. Nyimbo zikakatika. Jirani mmoja akachungulia juu ya ua, akavuta pumzi ndefu, akatusalimu kwa Kibena na kuuliza kwa matumaini, "Kamwene! Mmefungua kilabu?"

Nikasahau amri zote. Nikashuka na kitambaa kuukimbilia mpira, kichwa changu kikaingia katikati ya ile chemchemi, nikatoka nimelowa, macho mekundu kwa mafua na mvuke, nateleza kwenye matope kana kwamba kitambaa ndicho kinachonibeba. Baba Upendo akaja polepole, akaniinamia.

"Wewe dereva. Umelewa?"

Sauti yangu ilikuwa imekauka kwa mafua, ikatoka kama ya mtu anayeongea ndani ya mtungi. "Mzee, mimi hapana. Ni gari."

"Ni gari ndilo lililolewa?"

"Ndiyo, mzee."

Jamani, nilikuwa nasema ukweli mtupu.

Akawageukia wazee wangu kwa heshima zote. "Wageni, karibuni ndani. Lakini dereva wenu huyu hatagusa usukani leo. Vijana, mpelekeni ghalani akalale, na mlango muufunge, asije akaingia barabarani akagongwa." Nikamtazama Shangazi aniokoe, naye akatazama pembeni, kwa sababu angesemaje? Angesema huyu ndiye mkwe? Nikabebwa huku na huku kwapani, nikawekwa juu ya magunia ya mahindi, nikaletewa kahawa kali isiyo na sukari, na mlango ukafungwa kwa komeo.

Ghala lenyewe limepakana na sebule, ukuta wa mbao, kila neno nalisikia. Sasa nilielewa kabisa kwamba Upendo anaondoka mikononi mwangu na mimi nimekaa juu ya mahindi. Shangazi akaanza vizuri, akasema tumeona ua limechanua nyumba hii, kijana wetu ni mtulivu, mchapakazi, hajui hata chupa ya pombe inafunguliwaje.

"Hilo nimelisikia," Baba Upendo akajibu. "Lakini kijana wa namna hiyo anampaje gari lake mlevi awabebe wazazi wake? Ama hana macho, ama na yeye ni walewale."

Nikamsikia Baba mdogo anakohoa, Baba mdogo Obedi, mshenga, mtu wa maneno matamu, anakohoa tu. Nikagonga ukuta, "Siyo hivyo, mzee!" Sauti ya kike ikasema, "Mlevi ameamka." Nikarudi kwenye magunia yangu.

Baba Upendo akasema basi, pamoja na yote, desturi ifuatwe, mtoto aitwe aulizwe. Upendo akaitwa. Nikabandika sikio kwenye ubao mpaka likaota alama.

"Mwanangu, wageni hawa unawafahamu?"

"Nawafahamu, baba."

"Na huyo aliyewatuma, unamfahamu?"

Hapo mimi nikawaza sasa atanikana, na nikimlaumu nitakuwa mwongo, nani anataka kuolewa na mtu aliyeletwa na povu?

"Namfahamu, baba," akasema Upendo, na sauti yake ikaanza kutetemeka, nikadhani analia, kumbe anakizuia kicheko. "Mmemfungia ghalani."

Kisha kiti kikasogea, na Baba mdogo Obedi akasimama (Mungu ambariki, alichelewa lakini alisimama), akaeleza yote, dumu, maji aliyoyamwaga, ulanzi, buti, dada yake. Shangazi alisema neno la Kibena ambalo sitaliandika hapa, kwa kuwa bado ni mwimba kwaya.

Komeo likafunguliwa. Nikatoka na unga wa mahindi kichwani, sote tukaenda kwenye gari, Baba Upendo mbele. Dumu lilikuwa na ulanzi kama nusu hivi. Akalifungua, akanusa. Akamimina kidogo kiganjani, akaonja, akafumba macho.

"Ni kweli," akasema. "Huu ni mtogwa, ulanzi mchanga, bado mtamu, umegemwa jana asubuhi." Akaonja tena, nadhani ili kuwa na hakika. "Na mgema wake anaijua kazi."

Mama Upendo, mama mpole ambaye tangu asubuhi hakuwa amesema neno, akamtazama mumewe kuanzia viatu hadi kofia.

"Baba Upendo. Na wewe umeyajuaje hayo?"

Mzee wa kanisa akafunga dumu. Akajifuta kiganja kwenye suti ambayo tayari ilikuwa imelowa. Akanishika mkono kwa haraka ambayo sikuitegemea na kusema kwa sauti kubwa, ili wote wasikie na mazungumzo yahamie kwingine, "Posa tumeipokea! Karibu sana, mwanangu. Jamani, chakula kiko tayari?"

Nilicheka mpaka mafua yakaachia pua, na harufu ya kwanza niliyoisikia baada ya siku zile zote ilikuwa ya gari langu, Mungu wangu, kweli lilikuwa linanuka kama kilabu siku ya mnada. Upendo alikuwa ameegemea ukuta, machozi ya kicheko yanamtoka, ananinyooshea kidole, "Fundi! Unaongea na fundi!" Nikajua hili atanisimulia mpaka tuzeeke.

Tulirudi Njombe kwa basi. Gari lilibaki pale, likaletewa fundi wa kweli, akasafisha rejeta mara nyingi kuliko anavyopenda kukumbuka, na tangu siku hiyo nimeapa sitafungua tena boneti mwenyewe, hata kutia maji ya kuoshea kioo naita mtu, na dumu lolote kabla sijalimimina nalinusa kwanza, na nikiwa na mafua namwita jirani anisaidie kunusa. Lakini ule utamu haukutoka wote. Gari likipanda mlima na hita imewashwa, kaharufu kanakuja. Upendo, ambaye sasa ni mke wangu, ananisihi niliuze, na mimi ningeliuza kesho, tatizo ni baba mkwe. Kila akija Yakobi anataka apelekwe mahali, popote, mradi kuna mlima, na gari jingine lolote analikataa, anasema lile letu tu ndilo lenye kiti kinachoufaa mgongo wake. Anakaa mbele, ananiomba niwashe hita hata kukiwa na jua, anafumba macho na kuimba tenzi taratibu, na mimi naendesha kimya kama nilivyoamriwa, sina jina, ni dereva tu.